Mguu wa Japuonj na Kadi Isiyo na Pengo

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika saa kumi na mbili asubuhi, nimevaa viatu vya netiboli vilivyopasuka ubavuni, kwa sababu ndivyo nilivyokuwa navyo. Jimu ilikuwa Migori mjini, orofa ya kwanza, juu ya duka la mabati. Chini wakikata mabati, sisi huku juu tulielewana kwa ishara za mikono. Meneja alikuwa mtu mfupi mwenye shingo nene, na mwaka mzima hakuwahi kuniita kwa jina. Alinikabidhi filimbi na kitambaa cha kupangusia vyuma.

"Kazi yako ni kutoa watu jasho," akaniambia. "Mteja akishuka hizo ngazi bila kushika ukuta, ujue leo hujafanya kazi."

Nilimwamini. Nilikuwa na umri wa kuamini mtu yeyote mwenye ofisi. Kwa hiyo niliwachuchumalisha watu mpaka magoti yakalia, nikawanyanyulisha vyuma, nikapuliza filimbi kama refa mwenye hasira. Wateja walikuja kwa kishindo mwanzo wa mwaka, na baada ya wiki chache nikabaki peke yangu na vioo vya ukutani. Niliwasema kwamba ni wavivu. Ilinichukua muda kung'amua kwamba mtu alikuwa nami saa moja, kisha anarudi nyumbani kukaa na nafsi yake saa ishirini na tatu, na hizo ndizo zilizokuwa zikimjenga au kumbomoa.

Hapo ndipo nilipoanza kazi ya tabia, ambayo ninyi vijana mnaoingia sasa mnaikuta ndani ya simu, imepambwa kwa rangi. Sisi tuliikata kwa makasi. Kadi ya tabia ilikuwa kipande cha manila chenye mistari. Pembeni unaandika mambo ambayo mteja ameahidi kufanya kila siku: maji, mwendo, mboga, kulala mapema. Juu unachora vijumba thelathini na kimoja, kimoja kwa kila siku ya mwezi. Akifanya, anaweka tiki. Na jambo jipya hatukuliacha lielee peke yake. Tulilifunga kwenye jambo ambalo mtu tayari analifanya bila kufikiri. Anayesikiliza taarifa ya habari kila jioni, tulimwambia anyooshe mgongo redio ikiwa imewashwa. Mama anayepika kila asubuhi, anywe maji yake sufuria ikiwa bado mekoni. Ukiifunga vizuri, tabia hukaa.

Meneja aliziita kadi zangu mambo ya chekechea. Nikahama.

Kituo cha pili kilikuwa zahanati moja iliyonituma Ogwedhi siku za soko la mifugo, nikawape mazoezi wafanyabiashara wenye presha. Mratibu wa zahanati, mama mpole asiyependa makelele, alinipa meza, mashine ya presha na mwavuli. Wenye ng'ombe hawakutaka kuchuchumaa mbele ya wenzao, na siwalaumu. Lakini walipenda kuongea. Siku moja nilimuuliza mzee mmoja, dalali wa ng'ombe, anahesabuje kundi likifika sokoni limechanganyika hivyo.

"Mimi sihesabu," akasema. "Naangalia gani haiko. Hiyo haiko ndiyo iko na maneno."

Nilicheka, nikamfunga mkono kitambaa cha mashine, nikasahau. Laiti ningeyatia maanani maneno yale siku ile, kuna mtu angetembea leo na vidole vyote kumi.

Kutoka Ogwedhi nilipelekwa Mbita, kwenye kliniki ya wagonjwa wa sukari na presha, na hapo ndipo nilipomalizia kazi. Mkubwa wangu alikuwa Msimamizi wa Programu, afisa wa kliniki kijana kuliko mimi, nadhifu, mwenye kalamu tatu mfukoni. Alipenda kadi zangu kupita kiasi, kwa sababu ziliingia vizuri kwenye ripoti. Na kadi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya Japuonj.

Japuonj ni mwalimu kwa Kijaluo. Mzee huyu alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi kisiwani Rusinga, ng'ambo tu ya daraja, na ingawa alikuwa amestaafu, hakuna aliyethubutu kumwita jina lingine. Alikuwa na sukari ya siku nyingi na mguu wake wa kushoto ulikuwa umeingia ganzi. Tulikubaliana tabia tano: kutembea hadi ufukweni na kurudi baada ya chai ya asubuhi, chai yenyewe bila sukari, mboga kabla ya kuon, yaani ugali, dawa kwa wakati, na kukagua nyayo kila jioni baada ya kuvua soksi. Hii ya mwisho ndiyo kubwa kuliko zote. Sukari ikishaua hisia, mtu hukanyaga kitu chenye ncha na asijue, na kidonda hufanya kazi yake kimyakimya ndani ya soksi. Nilimweleza hivyo mara mbili. Akaitikia kwa kichwa kama mkaguzi anayesikiliza mwalimu aliye kwenye mazoezi ya kufundisha.

Baada ya wiki moja ya majaribio, mwezi wa kwanza alileta kadi iliyojaa tiki. Mwezi wa pili, vivyo hivyo. Vijumba vyote, mistari yote mitano, tiki zilizonyooka kama wanafunzi kwenye gwaride. Nilifurahi hata nikampigia makofi pale barazani. Msimamizi akaichukua kadi ya Novemba akaibandika ukutani, karibu na mizani, ili wengine waone.

"Hii ndiyo nataka kwa ripoti," akasema. "Kila mtu awe kama Japuonj."

Sukari yake ilikuwa inapanda. Niliona nambari hizo kwenye faili na kichwa changu kikatafuta sababu nyingine: pengine mashine, pengine dawa. Kadi imejaa, mzee ni mwalimu mkuu, na mimi ni nani nimuulize mtu wa heshima zake kama anasema kweli? Hilo ndilo kosa langu, na naliandika hapa bila kulipaka rangi.

Siku moja nilikuwa kisiwani Takawiri kuwapima presha akina mama wanaoanika omena, dagaa wa ziwani. Simu ikalia. Alikuwa Mama Akoth, mke wa Japuonj, mwanamke asiyenipigia simu bila jambo.

"Nyathina," akasema, kama anavyomwita binti yake. "Mguu ya mzee inanuka. Amenikataza nisikuambie. Mimi nimekuambia."

Nilisubiri boti pale ufukweni nikiwa nimekunja ngumi. Hofu niliyokuwa nayo sijapata kuisahau. Nilipofika Rusinga, Mama Akoth alikuwa ameshamvua soksi. Chini ya kidole kidogo kulikuwa na kipande cha ndoana iliyovunjika, kimezama, na nyama yote kukizunguka imegeuka rangi. Kilikuwa humo siku nyingi, na mzee hakusikia chochote. Tulimpakia kwenye gari la jirani hadi hospitali, Homa Bay. Daktari wa upasuaji aliutazama mguu, akatutazama sisi, akasema kidole hakina njia ila kukatwa, na kuhusu mguu atatuambia baada ya wiki moja. Ukiendelea kuoza, utakatwa chini ya goti.

Nilirudi kliniki kesho yake na cha kwanza nilichofanya ni kuitoa ile kadi ukutani. Ndipo nikaiona, kadi niliyopita mbele yake kila siku. Vijumba vilikuwa thelathini na kimoja, na vyote vilikuwa na tiki. Japuonj alikuwa ametembea, amekula mboga na amekagua nyayo zake tarehe thelathini na moja Novemba. Nilikaa chini juu ya mizani. Tiki zote zilikuwa za kalamu moja, wino mmoja, mkono mmoja usioinuka. Mwezi mzima ulijazwa kwa mara moja.

Nilienda Homa Bay nimekasirika. Nakiri nilikuwa nimepanga maneno makali. Mzee alikuwa amelala, mguu umefungwa, na nilipoiweka kadi juu ya shuka alipitisha kidole hadi kijumba cha mwisho.

"Umeona ya mwisho," akasema.

"Nimeona, Japuonj. Kwa nini?"

"Nyar Uriri," akaniita binti wa Uriri, kwetu, kama kawaida yake, "mimi nimekuwa mwalimu mkuu miaka mingi. Mkaguzi akikuja, rejista lazima ikuwe imejaa. Nafasi wazi ni aibu ya shule nzima. Usiku kabla ya mkaguzi tulikuwa tunakaa tunajaza." Akaisukuma kadi pembeni. "Na ile wiki ya kwanza nilikosa siku moja tu, nikakuonyesha, uso yako ikaanguka. Nikasema, huyu mtoto wa watu ametoka mbali, sitamharibia roho tena."

Hasira yangu iliishia hapo. Niliikumbuka ile wiki. Nilikuwa nimesema, kwa sauti ya Meneja wa Migori kabisa, "Ai, Japuonj, na wewe pia?" Maneno matano tu. Mzee alikuwa akinilinda mimi kwa mguu wake mwenyewe. Nikamkumbuka dalali wa Ogwedhi na ng'ombe wake ambaye hayupo. Mimi miaka yote nilikuwa nahesabu waliopo.

Nilitoa mkobani kadi mpya mbili. Juu ya moja nikaandika jina lake, juu ya nyingine nikaandika langu. Maana mimi mwenyewe, niliyekuwa nikihubiri maji na usingizi, nilikuwa nakunywa chai ya vijiko vitatu na kupima presha yangu siku nikikumbuka. Nikamwambia kwamba kuanzia leo yeye ndiye mkaguzi wangu na mimi wake, na kitu cha kutafuta ni pengo. Kadi isiyo na pengo hairuhusiwi. Kwenye pengo utaandika neno moja: mvua, mgeni, uchovu, sikutaka.

"Sikutaka pia ni sababu?" akauliza.

"Ndiyo ya maana kuliko zote."

Alimtuma Mama Akoth dukani. Nikadhani ni maji. Kumbe ni kalamu nyekundu.

Wiki ile ilikwenda polepole. Siku ya saba Daktari wa upasuaji alifungua bandeji, akabonyeza huku na huku, kisha akasema mguu umekubali dawa na unabaki. Kidole kidogo kimekwenda, mguu unabaki. Mama Akoth alikaa kwenye kitanda cha watu akaanza kucheka, na mimi nikatoka nje nikalia kwenye ukuta wa wodi kama mtoto. Sijapata kusikia mwili wangu ukiwa mwepesi vile, na nimekimbia sana maishani.

Kadi ya kwanza ya kweli ya Japuonj ilikuwa na mapengo kumi na moja kwa wiki moja. Nilifurahi kuliko nilivyofurahia ile ya Novemba. Tulipoyapanga tukaona mengi yako jioni, kwenye kukagua nyayo. Akaeleza mwenyewe: hawezi kuinama kiasi hicho, na kumwambia mke amshikie mguu aliona ni kujishusha. Jambo dogo namna hiyo. Tukahamishia ukaguzi asubuhi, kwenye kiti, kwa kioo kidogo cha kunyolea kilichowekwa sakafuni. Akimaliza kunyoa kidevu, anakishusha kioo anaangalia wayo. Tabia ikakaa.

Msimamizi hakufurahi mwanzoni.

"Sasa mimi niandike nini kwa ripoti?" akaniuliza. "Kwamba wateja wetu wote wameanguka mtihani?"

Nikamwonyesha faili. Sukari ya Japuonj ilikuwa inashuka mwezi baada ya mwezi, na kadi zake zimejaa mapengo. Alizichomoa kalamu zake tatu, akazirudisha mfukoni moja moja, akasema tujaribu na wengine. Baada ya hapo ukuta wetu ulibandikwa kadi zenye mapengo, na watu wakaanza kusimama mbele yake wakisoma sababu za wenzao na kucheka. Neno sikutaka lilikuwa linaongoza.

Sasa nimestaafu. Mkiniuliza nimebaki na nini, nitawaambia ni hilo tu: mteja anayekuletea habari mbaya amekuamini, na uso wako ukianguka mara moja, hatakuletea tena. Zoezeni nyuso zenu kwanza, misuli ya wateja itafuata. Programu za simu siziogopi. Zina mahali pa kuweka pengo pia, mkiwa na masikio.

Siku ya kuniaga, Japuonj alikuja kwa miguu kutoka Rusinga, akavuka daraja lote na fimbo yake, viatu vimepigwa rangi. Hakuleta zawadi. Alileta kadi yangu ya mwezi huo, imesahihishwa kwa wino mwekundu mbele ya Msimamizi na wageni wote. Pembeni mwa mstari wa kupima presha alikuwa ameandika, kwa mwandiko wa ripoti ya shule: Anaweza kufanya vizuri zaidi. Aje na kadi Jumatatu.

"Japuonj, mimi nimestaafu," nikamwambia.

"Presha yako imestaafu pia?" akauliza.

Jumatatu nilikwenda. Kadi yangu ilikuwa na mapengo matatu, na kwenye la tatu nilikuwa nimeandika sikutaka.