Pikipiki ya Kutembelea

Nilikuwa kwenye duka la pikipiki hapa Soweto, Mbeya, nasubiri plagi ya pikipiki yangu. Mfanyabiashara wa mchele kutoka Ubaruku alizizunguka pikipiki mbili kubwa, akabonyeza siti, akarudi, akabonyeza tena.

"Hii nyepesi ni ya shamba, tope haliisumbui," muuzaji akamwambia. "Ile nzito ni ya kutembelea. Hata Iringa unafika hujachoka."

"Kumtembelea nani?" mteja akacheka.

Mkewe, aliyekaa kwenye benchi, hakucheka. "Mama yako, baba watoto. Si yuko Iringa? Kila siku unasema tatizo usafiri."

Mkono wa mumewe ukatoka kwenye siti. Nami nikatazama sakafu. Mama yangu yuko Chimala, na pikipiki ninayo mwaka wa nne. Kisingizio changu kilikuwa plagi.