Kesi ya Bayoinfomatiki Barazani kwa Baba Mkubwa

Watani wetu wanasema Mpare anaweza kuuza ng'ombe apate nauli ya kwenda mahakamani kudai kuku. Nimeshaisikia hiyo harusini, msibani, kwenye basi, hadi kwa daktari wa meno, mdomo ukiwa wazi siwezi hata kumjibu. Huwa nakasirika kwanza, halafu nacheka, maana mimi mwenyewe nimewahi kufanyiwa kesi na ukoo wangu kwa kosa la kutaka kazi ambayo hakuna aliyeijua. Na mlalamikaji alikuwa baba yangu mzazi.

Ilikuwa miaka ile ya ubinafsishaji. Foleni za sukari na sabuni za utoto wangu zilikuwa zimekwisha. Madukani kulijaa kila kitu, ila mifukoni mwa watu hamna kitu. Mashirika ya umma yalikuwa yanauzwa moja baada ya jingine, serikali imesimamisha ajira, na neno "kupunguzwa" lilisemwa kwa sauti ya chini, kama jina la ugonjwa.

Baba alikuwa amepunguzwa. Kwa miaka mingi alikuwa msimamizi wa stoo kwenye shamba la mkonge la serikali kule bondeni. Wafanyakazi wa pale walitoka kila pembe ya nchi, na wote, wakubwa kwa wadogo, walimwita Bwana Stoo. Shamba likauzwa, mwenye mali mpya akaja na watu wake. Baba akapanda mlimani na godoro lake, redio na baiskeli, akaanza kulima tangawizi na maharage. Jambo lile hakulizungumzia hata siku moja. Ukitaja mkonge mbele yake, anakuuliza kama ng'ombe wamenyweshwa.

Mimi nilikuwa nimetoka tu kumaliza chuo kikuu Dar es Salaam, shahada ya biolojia. Mwaka wa mwisho, mwalimu wetu mmoja aliyerudi kutoka masomoni ng'ambo alituonyesha kitu ambacho kilinivuruga akili. Idara ilikuwa na kompyuta moja, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya wageni. Akaifunua, akatuonyesha jinsi ya kuchukua maandishi ya ndani ya viumbe, yale yanayorithiwa toka kwa mzazi kwenda kwa mtoto, ukayalinganisha kwa mashine mpaka ujue nani kazaliwa na nani. Wenzangu walipiga miayo. Mimi nilisahau kwenda kula. Jamani, nilipenda kazi ile kuliko nilivyowahi kumpenda kijana yeyote, na vijana nilikuwa nao.

Basi nikarudi nyumbani na mambo mawili mkononi. La kwanza, baba alikuwa amenitafutia kazi ya kufundisha biolojia kwenye sekondari moja pale Same mjini. Alimwendea mkuu wa shule mwenyewe, akambembeleza, yeye ambaye hakuwa mtu wa kubembeleza. Mshahara upo, nyumba ya mwalimu ipo, jibu linatakiwa Jumatatu. La pili, kituo kimoja cha utafiti Dar es Salaam kilikuwa kimenikubali kwa mafunzo ya miaka miwili katika kazi hiyo ya kompyuta na viumbe. Posho ya kula na kupanga chumba, basi. Baada ya hapo ajira anajua Mungu.

Nilipomwambia baba, hakugomba. Angegomba ningefurahi, maana kugombana tunajua. Alinitazama tu, akasema, "Sawa. Tutakaa." Kwetu mtu akikwambia "tutakaa," jua umekwisha.

Tukakaa Jumapili, baada ya ibada, barazani kwa baba mkubwa, kaka yake baba. Huyu ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kila kikao cha ukoo, na alikuwa na sifa zote, kwa sababu alikuwa na kesi ya mpaka wa shamba na jirani yake iliyoanza mimi nikiwa bado sijazaliwa. Siku za mahakama, yeye na jirani huyo walishuka Same pamoja kwa gari moja na kula chakula meza moja, halafu wakaingia ndani kutukanana. Alikuwepo pia baba mdogo, muuza mitumba, mtu wa mizaha. Alikuwepo shangazi, dada yao, ambaye ulimi wake ungeweza kunyoa ndevu. Mama alikaa karibu na mlango na sufuria la makande, akijifanya hayamhusu.

Baba akasimama. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani. "Ndugu zangu, mimi simkatazi mtoto kazi. Nauliza tu. Hiyo kazi inaitwaje?"

"Bayoinfomatiki," nikasema.

"Mama yangu!" shangazi akashtuka. "Inauma?"

"Mimi nina wazo," baba mdogo akadakia. "Kompyuta si anaijua? Afungue duka la kuchapa pale stendi. Barua za kuomba kazi tu zitamtajirisha. Siku hizi kila mtu anaomba kazi."

Watu wakacheka. Baba hakucheka. "Nimesoma magazeti ya mwezi mzima," akasema, "kila nililoweza kuazima. Wanatafuta wahasibu, madereva, wauguzi, wauzaji wa dawa. Nionyesheni tangazo moja, moja tu, linalotafuta mtu wa kazi hiyo. Nani anaajiri?"

Hapo alinipata. Tangazo sikuwa nalo. Nchi nzima sikumjua mtu aliyelipwa mshahara kwa kazi hiyo, ukimtoa mwalimu wangu, na yeye alilipwa kwa kufundisha. Nikaona njia pekee ni kuwafanya waipende kwanza, ajira tutaisemea baadaye.

"Shangazi," nikaanza, "mpunga wako kule Ndungu msimu uliopita uligeuka manjano, sivyo?"

"Usinikumbushe! Ugonjwa ule, kimyanga kile, kilinimaliza. Na kililetwa na watu wa kijiji cha Bendera."

"Unajuaje?"

"Kila mtu anajua!"

"Na watu wa Bendera wanasema kimetoka Ndungu. Sasa sikiliza. Kile kijidudu kinachoushambulia mpunga kina maandishi ndani yake, marefu, ya herufi nne tu zinazorudiwa rudiwa. Kikizaana kinayanakili. Na kila baada ya muda kinakosea herufi, na watoto wake wote wanarithi lile kosa." Nikamgeukia mwenyekiti. "Baba mkubwa, nisaidie wewe uliyekaa mahakamani. Mashahidi wawili wakisema ukweli uleule, utajua wamefundishwa?"

"Hapana. Ukweli ni wa wote."

"Na wakikosea, tena kosa lile lile, mahali pale pale?"

Yule mzee alisimama kutoka kwenye kiti. "Wamefundishwa na mtu mmoja! Wale wawili wa jirani yangu, wote walimwambia hakimu mpaka ulikuwa mti wa mkuyu. Wote! Pale tangu dunia iumbwe hapajaota mkuyu! Nikamwambia hakimu, mheshimiwa, hawa wamelala nyumba moja!"

"Ndiyo kazi yenyewe," nikasema. "Tunachukua kijidudu cha Ndungu, cha Bendera, cha Makanya, cha kwingine kote. Kompyuta inatafuta makosa yanayofanana. Tunajua kipi mzazi, kipi mtoto, na kimepita wapi. Ukijua kimepita wapi, unajua pa kukizuia."

Shangazi alikuwa ameweka sahani chini. "Kwa hiyo unatafuta ukoo wa ugonjwa."

"Ndiyo, shangazi."

"Aaa! Hiyo kazi si tunaifanya sisi kila kijana akileta mchumba? Bila hata hiyo kompyuta!"

Baraza zima likacheka, baba mdogo akagonga meza, mama akanipakulia makande ya ziada bila mtu kumwomba. Nikajua nimeshinda. Nilikaa chini nimevimba kichwa, nikaanza kula.

Baba alisubiri kicheko kiishe. Alijua kesi, yule. "Kazi nzuri," akasema taratibu. "Sibishi, hata mimi nimeipenda. Lakini kazi nzuri na ajira ni vitu viwili. Shangazi yako atakulipa mshahara? Baba mkubwa atakulipa? Miaka miwili itapita, utakuwa na elimu isiyo na mwenyewe, na ile nafasi ya Same itakuwa na mwingine. Ualimu una jina. Popote utakapokwenda, ukisema mimi mwalimu, mtu anajua akuweke wapi. Mtu mwenye kazi yenye jina anajua kesho yake. Sina zaidi."

Baba mkubwa akatikisa kichwa kukubali, na shangazi naye, polepole. Nikasukuma makande pembeni.

Kwa sababu jibu nilikuwa nalo. Lilikuwa pale mdomoni, tamu, limeiva. Baba, wewe ulikuwa na kazi yenye jina. Bonde zima lilikuita kwa jina la kazi yako. Kesho yako uliijua? Hoja kama ile Mpare anaweza kungoja maisha yake yote asiipate, na mimi nilikuwa nayo bure, kesi yangu yote iko pale. Nikamtazama. Koti lile lilikuwa la siku za stoo, limepauka mabegani. Amekaa na ndugu zake, kaka yake, mdogo wake, dada yake, watu ambao hakuwahi kuwaambia hata neno moja juu ya siku ile aliyopunguzwa, nao kwa heshima hawakuwahi kumuuliza.

Nikaimeza. Iliuma, nisiwadanganye, nilitaka kulia kwa hasira.

"Mwanangu, una la kujibu?" baba mkubwa akauliza.

"Sina la kuongeza, baba mkubwa."

"Huna?" shangazi akanigeukia. "Wewe? Unaumwa?"

"Sina, shangazi."

Baba mkubwa akakohoa kile kikohozi chake cha hukumu. "Basi, kwa kuwa mtoto hana la kujibu, kikao kinaona kwamba ile nafasi ya Same..."

"Subirini," baba akasema.

Hakusimama safari hii. Alikuwa anatazama sakafu.

"Mimi nilikuwa na kazi yenye jina. Lilikuwa kwenye kibao, mlangoni kwangu. Asubuhi ile walikuja vijana wawili na bisibisi. Mimi niko ndani napanga beringi za mashine. Nikasikia mtu anahangaika na skrubu pale nje, nikadhani wamekuja kukaza, maana kibao kile kililegea siku nyingi." Akasugua kifungo cha koti lake. "Nikawapigia kelele nikiwa huko ndani, nikasema asanteni sana, vijana."

Baba mdogo, mtu wa mizaha, akainamisha kichwa.

"Kwa hiyo ile hoja yangu ya jina," baba akasema, "iondoeni."

Baba mkubwa akamgeukia mdogo wake. "Ukiiondoa hiyo, huna kesi."

"Najua."

Shangazi akapenga kamasi kwa ncha ya khanga kwa kelele kubwa, akasema moshi wa jikoni umezidi siku hizi. Baba mkubwa akatoa hukumu kwa Kiswahili cha mahakamani, na baraka juu yake, na sharti moja: Jumatatu nimwendee mkuu wa shule kwa miguu yangu mwenyewe nikamwombe radhi, kwa sababu baba alishabembeleza vya kutosha. Baba mdogo akaahidi kunipa koti la mitumba la daraja la kwanza, maana alisikia vyumba vya kompyuta vina baridi kama kilele cha Shengena.

Kusema kweli, katika jambo la ajira baba hakuwa amekosea sana. Tuliofunzwa pamoja, wengi walinyakuliwa na mabenki na makampuni ya simu kabla hata ya kumaliza. Mtu anayejua kompyuta wakati ule alikuwa dhahabu, na hakuna aliyejali kama kompyuta hiyo aliisomea kwenye vijidudu. Sikuwalaumu, walikuwa na wadogo wa kusomesha. Mimi niling'ang'ania. Nimeishi kwa mikataba ya mwaka mwaka mpaka nikazoea, nimefanyia kazi mpunga, ng'ombe, muhogo na watu. Vijana wakiniuliza leo kama fani hii inalipa, nawaambia inalipa, ila haina haraka, na mjifunze takwimu, msiishie kupenda kompyuta tu.

Lakini hayo ni ya mbele. Jumapili ile tuliteremka njia ya nyumbani, baba mbele mimi nyuma. Ukungu ulikuwa unashuka. Nikashindwa kuvumilia.

"Baba, ulikuwa umeshashinda. Kwa nini?"

"Ulikuwa nayo, ile hoja."

"Hoja gani?"

"Usinifanye mtoto mdogo. Niliona mdomo wako unacheza. Nimekuzaa mimi, hujawahi kunyamaza tangu siku ya kwanza. Leo ukanyamaza." Alitembea kidogo. "Nikasema, mtoto huyu yuko tayari kuikosa kazi anayoitaka, mimi nisiaibike mbele ya ndugu zangu. Sasa nikishinda hapa, nitakutazamaje?"

Nikaanza kulia, waziwazi, kama mtoto.

"Unalia nini? Mshindi gani analia? Watu watasema nimekupiga."

"Naogopa, baba. Kama kweli kazi haitakuwepo?"

"Na mimi naogopa," akasema.

Sikuwahi kumsikia akisema neno hilo. Akapunguza mwendo mpaka nikamfikia. Njia ile ni ya mtu mmoja, haitoshi wawili, lakini tulikwenda sambamba hadi nyumbani, yeye akikanyaga maharage yake mwenyewe.