Viatu vya Mlangoni

Mume wangu ni mwandishi wa magazeti asiye na gazeti. Ndivyo ninavyowaeleza wanaouliza, na wengi huishia kunipa pole. Hana ofisi, hana mshahara, hana likizo. Ana daftari, simu yenye kioo kilichopasuka, na meza yetu ya kulia chakula, ambayo hatuli chakula juu yake kwa sababu ameijaza makaratasi. Akiwa anaandika tunakula sahani zikiwa magotini, na watoto wamejifunza kwenda kukoholea nje. Mtaani wanamwita Bwana Habari. Mimi nikikasirika nami namwita hivyohivyo.

Kazi hii ameifanya miaka kumi na tisa, na amechoka. Si uchovu wa kulala ukaisha, anaamka nao. Wiki nzima ni kuwapigia simu wahariri, kuambiwa "tutakujulisha", na kutojulishwa. Alikuwa na uhakika wa kitu kimoja tu: nusu ukurasa wa gazeti moja kila Jumapili, wenye jina lake na kipicha cha zamani, cha enzi bado ana nywele. Nusu ukurasa huo ndio uliotuweka mjini.

Sasa nusu ukurasa haujijazi wenyewe, na waandishi wa namna yake wana mbinu yao. Wanaiita kupasha kiporo. Mtu uliyemwandika zamani unamrudia, unamuuliza anaendeleaje, unaongeza aya mbili juu, unabadilisha kichwa cha habari, na yaliyobaki unayaacha yalivyo. Kiporo kikubwa cha mume wangu kilikuwa fundi cherehani mmoja, mama aliyeachwa na mumewe akiwa na mtoto mchanga. Alimwandika mara ya kwanza miaka kumi na minne iliyopita. Kilichowaliza watu kilikuwa viatu. Yule bwana aliondoka alfajiri na kandambili, akaviacha viatu vyake vyeusi mlangoni, na mkewe akawa anavipangusa vumbi kila Ijumaa. Hata mimi nililia, na mimi silii hovyo. Tangu hapo habari hiyo ameipasha mara saba.

Mwezi uliopita, Alhamisi saa nane mchana, alikuwa anaipasha mara ya nane, hodi ikapigwa. Nilipofungua nilimkuta binti wa sekondari, sare ya shule mwilini, gazeti kwapani.

"Shikamoo, mama. Hapa ndipo kwa Bwana Habari?"

"Marahaba, mwanangu. Ndipo. Pita, ila usiitikise meza."

"Mimi ni mtoto wa fundi cherehani," akamwambia mume wangu. "Yule wa viatu."

Mume wangu alisimama akampa kiti chake mwenyewe. Alifurahi, maskini, alidhani zile aya mbili mpya zimemfuata nyumbani.

"Nimekuja kuchukua viatu vya baba," binti akasema. "Nimevitafuta nyumba nzima. Mama anasema ulivichukua kuvipiga picha, hukurudisha."

Mume wangu alilifunga daftari lake.

"Mama amepata chumba karibu na soko. Mwisho wa mwezi tunahama. Nimemwambia mimi sitoki pale. Baba akirudi atatukosa."

"Nani kakwambia atarudi?" nikauliza.

"Mtu anayeondoka moja kwa moja haachi viatu, mama. Mjomba huyu mwenyewe ndiye aliyeandika."

Namjua mume wangu. Akitaka kudanganya hukuna sikio. Safari hii mikono ilitulia mezani, nami nikaelewa kabla hajafungua mdomo.

"Mwanangu," akasema, "hakukuwa na viatu."

Binti akalitoa gazeti kwapani.

"Siku ile mama yako alikuwa na kazi nyingi, alinijibu maneno mawili matatu. Habari ikawa kavu. Nikaweka viatu. Mwaka uliofuata nilipomrudia, alinisimulia viatu yeye mwenyewe, nami nikaandika kama sijui vimetoka wapi."

"Kwa hiyo baba aliacha nini?"

"Hakuacha kitu. Alichukua hata godoro."

Nilitegemea alie, hakulia. Alinigeukia mimi. "Mbona mama hakuniambia?"

"Labda viatu vilikuwa rahisi kukuambia kuliko godoro," nikamjibu.

Alilikunjua lile gazeti, la mwaka juzi, limechakaa kwenye mikunjo. "Mwalimu alitusomea darasani. Watu wote wanavijua viatu vya baba. Umeviweka gazetini, vitoe gazetini."

Mume wangu alimpigia mhariri. Simu yake haisikiki bila kipaza sauti, kwa hiyo sote tulisikia.

"Masahihisho? Ya miaka kumi na minne? Mzee, umelewa?"

"Sijalewa."

"Sikiliza. Nikichapa hiyo, sitaweza kukuchapa tena. Nani atakuamini? Iache ilale. Niletee makala yangu kabla ya saa kumi."

Hapa lazima niseme langu. Nilimkonyeza mume wangu akubali. Tuna watoto watatu. Nilitaka amwage maneno matamu, yule binti aende zake, na nusu ukurasa ubaki. Naona aibu kulisema, lakini ndivyo ilivyokuwa. Aliniona, akanipa mgongo.

"Nitakuletea masahihisho," akamwambia mhariri, akakata simu.

Mistari ile michache ilimchukua muda mrefu kuliko makala nzima. Binti alisubiri, kikombe cha chai mkononi, hanywi. Mume wangu alipomaliza akamsomea.

"Toa 'kwa bahati mbaya'," binti akasema.

Akaitoa.

Jumapili, nusu ukurasa wake ulikuwa na picha ya mtu mwingine, mwenye nywele tele. Nililifungua gazeti lote nikidhani mhariri ametuchezea. Kumbe kilikuwepo, ukurasa wa pili chini kabisa, kisanduku kisichozidi kiganja. Siku hizi mume wangu anazunguka kutafuta gazeti litakalompokea, na jioni tunakula mezani, kwa kuwa makaratasi yamepungua. Hatuongei sana. Fundi cherehani alihama tarehe aliyoipanga. Nilikutana naye sokoni, akaniambia binti ndiye aliyetoka wa mwisho, akafunga mlango mwenyewe, na hakuacha ujumbe kwa majirani. Kisanduku chenyewe nimekikata nikakiweka kwenye Biblia yangu. Kinasema hivi:

"Masahihisho. Katika makala zetu kuhusu fundi cherehani aliyeachwa na mumewe, tulieleza kwamba mume huyo aliacha viatu mlangoni. Hakuviacha. Viatu viliwekwa na mwandishi. Mtu aliyekuwa akivisubiri ameombwa radhi."