Minazi Ishirini na Minne ya Kaingu

Kaingu wa Mwakirunge alikuwa na minazi ishirini na minne na miguu miwili. Minazi aliihesabu kila siku. Miguu hakuihesabu, na hapo ndipo Kafedha, mkewe, alipoanza kuogopa.

Mnazi unaogemwa hauzai. Ukikata karara lenye maua upate tembo, nazi usahau. Kwa hivyo tangu waoane waligawana: kumi na miwili ya mume, ya tembo, kumi na miwili ya mke, ya nazi za kuuza Kiembeni. Mnazi wa nazi hukwewa mara moja kwa miezi mitatu. Wa tembo hukwewa asubuhi na jioni, kila siku ya Mungu, kunyeshe kusinyeshe.

Basi Mwarandu, mwenye mangwe, kilabu cha tembo cha wachimba mawe, akaanza kumsifu Kaingu mbele ya wanywaji wake. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huyu wetu hakutia maji, na heri angetia. Aliongeza miti, kutoka fungu la mkewe.

Mitatu ya kwanza Kafedha hakuinung'unikia, maana ilikuwa mikongwe na nazi zake hazikujaza kikapu. Mitatu iliyofuata ilimuuma. Kisha ikafuata sita ya mwisho, mifupi iliyo nyuma ya jiko, iliyokuwa ikielemewa na nazi. Kila safari alipoteza nazi nyingi kuliko safari iliyopita, na tembo lililoongezeka likawa kidogo zaidi, kwani Kaingu alifika kwenye mti wa mwisho kachoka, karara limeshaanza kukauka.

"Baba Ruwa, ukivuta huku, kunapungua kule," alimwambia mumewe. "Na mwisho upo. Ukitaka kuupita, utakosa tembo na nazi pia."

"Huo mwisho kaupima nani?"

Alikuwa kaupima Kafedha mwenyewe. Kukwea mara arobaini na nane kwa siku. Aliona jinsi mumewe akishuka anavyolikumbatia shina kabla ya kuliachia.

Wagema wana mwiko wao: aliye juu haitwi. Sauti humbabaisha. Alhamisi moja, mvua ikiwa imeanua muda mfupi tu, Kafedha alikuwa chini ya mnazi wa ishirini na nne, ameshika ndoo. Alimwona Kaingu akianza kushuka, mguu wa kushoto ukitafuta kidato kilichokatwa kwenye shina. Ukakikosa. Ukatafuta tena. Jina la mumewe lilimfika ulimini, akalimeza. Mguu ulipokosa mara ya tatu, mikono nayo ilikuwa imeshachoka.

Hakufa. Ni mgongo uliovunjika, na daktari hakuahidi chochote kuhusu miguu. Huu mwezi wa pili analala kwenye godoro sebuleni. Minazi yote imesimama, mibichi, haina ugonjwa wowote, na haitoi kitu. Makarara yamekauka, na mnazi uliogemwa huchukua karibu mwaka mzima kabla ya kuzaa tena. Nazi ya mchuzi Kafedha huinunua Kiembeni, kwa wanawake aliokuwa akiuza nao.

Juzi Mwarandu alimleta mgema mwingine, Kazungu, mwanamume mpole wa makamo. Alizunguka shamba zima kabla ya kusema neno.

"Mimi naweza kumi na miwili, mama," alisema. "Hii mingine iacheni izae."

Kafedha alishusha pumzi. Ilikuwa mara yake ya kwanza kupumua sawasawa tangu ile Alhamisi.

"Mwambie akwee yote," sauti ya Kaingu ikatoka ndani. "Mimi nilikuwa nakwea yote."

Kazungu aliinamisha kichwa kwa haya. Kisha akaitazama minazi upya, mmoja baada ya mwingine.

"Yote pia naweza, mzee," akajibu.

Kafedha alimuuliza Kazungu mkewe anaitwa nani, na nyumba yao iko wapi.