Miaka ya Fundi Viatu

Kidole, kama wenzake walivyomwita kwa kasi yake ya kupiga chapa, alimwonea Malkia kijicho mpaka hata chai ya kazini ikawa haishuki. Wote wawili walikuwa wapiga chapa wa mahakama, ukuta mmoja tu kati yao. Lakini tangu magazeti yaanze kupiga kelele kuhusu wezi wa simu, hata watu wakaogopa kupokea simu barabarani, hakimu wa Malkia alikuwa anagawa miaka saba saba, na kamera hazibanduki chumbani kwake. Malkia alishaonekana kwenye televisheni mara nne. Akanunua na wigi.

"Shoga, huko kwenu mbona kumepoa?" Malkia alimuuliza Kidole. "Au wezi wote wanaletwa kwetu?"

Kidole alicheka kwa meno tu. Roho ilimuuma. Yeye ndiye aliyekuwa mwepesi, yeye ndiye asiyekosea herufi, na nani alimjua?

Hakimu wake, mzee mpole, alikuwa akimpa hukumu siku moja kabla, aichape. Siku moja alimpa ya fundi viatu aliyechukua simu iliyosahauliwa kibandani pake, kisha akairudisha mwenyewe siku ya tatu. Kifungo cha nje, miezi sita. Ni siri hadi isomwe, na Kidole alilijua hilo fika. Hata hivyo alimvizia mwandishi wa gazeti akitoka kwa Malkia, akamnong'oneza: "Kesho njoo kwetu uone mwizi anavyorudishwa nyumbani."

Asubuhi gazeti likaandika: HAKIMU KUMWACHIA MWIZI WA SIMU. Watu wakajaa hadi madirishani. Hakimu akaingia ofisini na gazeti kwapani, akafuta miezi sita, akaandika miaka saba. Hakuuliza nani katoboa siri. Walioijua walikuwa wawili tu. Kidole akachapa upya bila kosa. Hukumu iliposomwa alikaa wima mbele ya kamera, na mke wa fundi akanyanyuliwa sakafuni na askari.

Mchana Malkia alimpita bila salamu, kanuna. Kidole akaona raha, hakujidanganya.

Kisha hakimu akamwita, akafungua faili la kesho: mwanamke aliyeiba simu ya mwajiri wake. Nafasi ya adhabu ilikuwa tupu.

"Mama, wewe unafahamiana na wale wa gazeti," alisema. "Hebu waulize, huyu miaka mingapi itawatosha?"

Kidole alidhani anasimangwa. Akamtazama usoni. Mzee alikuwa ameshika kalamu, anasubiri jibu.