Mpira wa Kupumulia na Ubatizo Wangu

Enzi zetu pale mtaani Tena, maji yalikuja mferejini mara moja kwa wiki, na yakija yalipokelewa kama mgeni kutoka ng'ambo. Tulijaza mitungi, sufuria, hata gambuti za baba. Mwisho lilijazwa pipa la bluu la mama, na ndani ya pipa hilo ndimo nilimojifunza kupumua uso ukiwa majini, miaka mingi kabla sijaiona bahari.

Sababu ilikuwa ubatizo. Kanisa letu lilizamisha mtu mzima mzima, nami niliogopa maji kuliko mbwa wa polisi. Nikinawa uso tu, nilikohoa hadi mtaa wa pili wakaniombea. Na mama ndiye aliyekuwa kiongozi wa akina mama kanisani.

"Ukikohoa mbele ya watu wangu," aliniambia, "utahamia kwa pasta akulee yeye."

Basi dada yangu Nyambura akaleta mpira wa kumwagilia maua, mrefu kama mstari wa paredi. Tuliamini mrefu ndio bora. Nikapanda kwenye stuli, nikabana pua kwa kibanio cha nguo, nikauma ncha ya mpira, nikatumbukiza uso. Nikavuta, nikavuta, nikaona nyota, nikaona na malaika wa zamu. Nyambura akanivuta kwa kola. Ni ukubwani tu, kwenye masomo ya jioni, mwalimu alipotueleza kwamba mpira mrefu unakurudishia pumzi yako ileile iliyochoka.

Aliyeniokoa ni Mama Mueni, jirani aliyeuza mafuta taa. Kutwa nzima alifyonza mafuta kutoka kwenye pipa kwa mpira, na hakuna aliyewahi kumwona akimeza hata tone.

"We kijana, unataka kumaliza pipa la mamako?" akacheka. Akakata kipande kipya cha mpira, urefu wa kutoka kiwiko changu hadi ncha za vidole. "Vuta polepole, kama unayeonja uji moto. Maji yakiingia usivute! Ziba na ulimi. Kisha puliza mara moja kwa nguvu, puu! Kwa hivyo usimalize pumzi yote, bakisha ya kupulizia. Halafu onja hewa kidogo kwanza, ukiona ni kavu, sasa vuta."

Nilifanya mazoezi wiki mbili. Kwa kumbukumbu yangu nilifikisha saa nzima mle ndani. Nyambura anasema ni hesabu ya hamsini. Mama naye alishangaa kwa nini chai ya nyumba ile ilianza kuwa na ladha ya mpira.

Siku yenyewe nilificha kipande changu kwenye mkono wa kanzu nyeupe. Pasta aliponishika ndani ya kidimbwi cha ubatizo, kikateleza, kikaelea mbele ya kanisa zima.

"Hii ni nini, kijana?"

"Ya kupumulia, Pasta."

Mama akafunika uso kwa leso. Pasta akakitoa, akampa mzee wa kanisa. "Hapa hatukai, mwanangu. Tunapita tu."

Akanizamisha. Maji yakaniingia mdomoni. Sikuvuta. Nikaziba na ulimi, nikaibuka, puu! yote kwenye miwani ya pasta. Nikaonja hewa. Kavu. Nikavuta kama ndama anayenyonya. Sikukohoa hata kidogo! Mama akaruka kutoka kwenye benchi, na kanisa likashangilia hadi nikadhani paa linang'oka.

Siku hizi binti yangu anafundishwa kwenye bwawa lenye vigae, akiwa na barakoa ya kuogelea isiyoingiza tone na bomba la kupumulia lenye rangi tatu. Watoto wa sasa hata kupumua wanaangalia kwanza kwenye simu! Jumamosi iliyopita bomba lilijaa maji. Akalipuliza lote kwa pigo moja, safi kuliko mimi, akainua kichwa akitafuta aliyemwona. Wazazi wote walikuwa wameinamia simu zao. Nikashangilia peke yangu, kwa sauti ya kanisa zima, hadi mlinzi akaja mbio kuuliza ni nani amezama.