Baridi ya Kapata na Safari ya Kaku

Sisi tuliozaliwa Kapata, mji wa mgodi karibu na Kolwezi, siku zile Wabelgiji wangali wanatawala, tukikutana leo kwenye matanga au harusi, hatuanzi na habari za mgodi. Tunaanza na baridi. Mwezi wa sita ulipoingia, asubuhi tulikwenda shuleni miguu mitupu, na kule bondeni nyasi zilikuwa nyeupe kwa umande ulioganda, zinavunjika chini ya unyayo. Midomo ilitoa moshi. Tulishika vijiti kati ya vidole tukajifanya mabwana wakubwa wanaovuta sigara. Ngozi ilipasuka magotini, na mama zetu walitupaka mawese mpaka tukang'aa kama samaki waliotoka kukaangwa. Hatukulalamika. Wajukuu wangu siku hizi wanavaa jaketi nene kama godoro, kisha wanakaa chini ya blanketi na simu mkononi, wananiambia, "Mémé, iko baridi mubaya!" Mimi nawatazama tu.

Baba yangu hakuzaliwa katika baridi hiyo. Alitoka Kasai, mkoa wa joto kaskazini mwetu, akiwa kijana, akaletwa na kampuni kufanya kazi, na siku hizo alikuwa fundi katika karakana ya mgodi. Kwake Kapata ilikuwa fasi ya kazi, si kwao. Kila Jumapili, tukiwa tumezunguka bukari, ndio ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo, alisema, "Siku moja tutarudi kwetu." Hata mimi nikiulizwa kwetu ni wapi nilijibu upesi, "Kasai," ingawa Kasai yenyewe sikuwahi kuiona.

Mwaka mmoja dada yake mdogo alifariki kule. Ndiye aliyekuwa akikaa na mama yao, ambaye sisi tulimwita Kaku, kama Waluba wanavyoita bibi. Baba akapanda treni akamleta. Alifika mvua zikiwa zinaisha, kila kitu kibichi, na akapapenda mahali petu. Maji yalikuwa bombani, hatua chache kutoka mlangoni. Mama yangu alikuwa na mtoto mchanga, na Kaku ndiye aliyembeba na kumwimbia tangu asubuhi. Baba alifurahi sana. Alitwambia, "Mama yangu hatoki tena hapa."

Kisha baridi ikaja. Asubuhi moja Kaku alitoka nje, akaona majani ya nyuma ya nyumba yamekuwa meupe, akamwita mama yangu kwa sauti. Kiswahili hakukijua, alisema Kiluba, lakini mimi nayaandika maneno yake kwa Kiswahili chetu.

"Njoo uone! Nani anamwanga chumvi yote hii?"

Aliinama akagusa, akauvuta mkono haraka kama aliyeungua. Tulicheka sana. Yeye hakucheka.

Baba alimnunulia kabuti zito na soksi za sufu. Akavaa vyote pamoja, akaketi nje akiegemea ukuta penye jua, na jua lilipohama naye alihama. "Jua ya huku munaiangalia tu," alisema. "Kwetu jua inakushika."

Alasiri moja ya upepo, mama alikwenda kuchukua poso, ule unga na samaki ambao kampuni iliwapa wafanyakazi, akamwacha mtoto kwa Kaku. Mimi nilitoka shuleni nikakutana na mama njiani, tukarudi pamoja. Mlango ulikuwa umefungwa. Dirisha nalo limefungwa, na chini ya mlango kulikuwa na nguo iliyosokomezwa. Mama alisukuma kwa bega. Ndani mbabula, lile jiko letu la makaa, ilikuwa imejaa makala mekundu, na Kaku ameegemea ukuta, mtoto mapajani, wote wawili wamelala.

"Mama! Mama!" Mama yangu aliita, hapakuwa na jibu. Aliangusha mfuko wa unga, akamnyakua mtoto akatoka naye mbio. Mimi nilifungua dirisha nikapiga kelele. Jirani yetu Tata Ramazani, mtu wa Maniema, alikuja na kanzu yake ya ndani tu, akamshika Kaku chini ya makwapa akamburuta hadi uani. Mtoto alikuwa mlegevu kama kitambaa. Mama alimpepea, akampuliza usoni, akamgonga nyayo. Sijui ilichukua muda gani. Alipolia, wanawake wote wa mstari wetu wa nyumba walilia pamoja naye. Kaku alitapika, akaketi, akauliza mtoto yuko wapi.

Baba aliporudi kutoka kazini alichuchumaa mbele ya Kaku.

"Mama, moto ya makala habaifungie ndani. Inaua."

"Mi sikujua. Nilisikia mutoto ana baridi." Kisha akasema, "Unirudishe kwetu, mwana wangu. Huku nitakuuliya mutoto."

"Kule nani atakuchotea maji?"

"Nitachota."

"Hapana, Mama. Nilizika dada yangu kule. Nawe sikuachi peke yako."

Kuanzia siku ile Kaku hakumbeba mtoto tena. Kila mama yangu alipomwekea mapajani, Kaku alimrudisha kwa upole. Jambo hilo lilimuumiza mama kuliko hofu ya siku ile. Alimwambia baba waziwazi, "Mama yako eko hapa, lakini hauko naye."

Mwezi wa nane Kaku aliamka na nguvu ambazo hatukuwa tumeziona. Alichukua jembe, akalima nyuma ya nyumba, akapanda mahindi na karanga. Kasai mvua zinafungua wakati huo. Majirani walisimama uani wakamwambia, "Mama, mvula ya huku ni mwezi wa kumi!" Mama yangu alimtafsiria. Akaitika kwa kichwa, akaendelea kufukia mbegu katika vumbi. Kila asubuhi alitoka kuangalia mbingu. Mbingu ilikuwa safi, haina hata wingu la kudanganya. Kuku wa majirani wakaja wakafukua, wakala zote.

Baba alimkuta amesimama pale, vumbi magotini, jembe limelala.

"Huku hata mvula hainijue," Kaku alisema.

Baba alisimama naye mpaka jua likazama. Kesho yake aliomba ruhusa kazini ili amrudishe kwao.

Shule ilikuwa imefungwa, kwa hiyo alinichukua. Tulibadili treni Tenke, tukapita Lubudi, tukapita Kamina, na joto likaongezeka kadiri tulivyokwenda. Kaku alivua soksi. Baadaye akavua kabuti, akalikunja akanipa nikalie. Tulipofika kwao mvua ya kwanza ilikuwa imekwisha kunyesha. Alishuka akatembea mbele yetu kama msichana, akisalimia watu kila upande. Baba alipata binti wa ndugu yake mmoja, mjane, akakubali kuhamia kwa Kaku na watoto wake. Hapo uso wa baba ukatulia.

Ila mimi niliteseka. Jasho lilinitoka hata nikiwa nimeketi, vipele vikajaa shingoni, chakula hakikupita. Siku moja, wazee wote wakiwa wameketi uani kwa heshima ya baba, nilianza kulia mbele yao.

"Tata, mi nataka turudi kwetu."

Mjomba mmoja akanena, "We mutoto, kwenu ndio hapa."

Nilimtazama baba. Shati lake lilikuwa limelowa mgongo mzima, naye alikuwa akijipepea kwa kofia. Kaku ndiye aliyecheka.

"Mumwache," alisema. "Hata mi nililia vile kule kwake."

Tulipoagana alinishika uso kwa mikono miwili. Mikono ilikuwa na joto, jambo ambalo Kapata sikuwahi kuliona.

Wakati wa kurudi, treni ilisimama Lubudi alfajiri. Baba alishuka, akasimama kando ya reli na kufungua kifungo cha shati, akivuta hewa ile baridi. "Eh," alisema. "Hapa mutu anapumua." Kisha akanitazama kama mtu aliyesikia sauti ya mtu mwingine. Jumapili zilizofuata aliendelea kuizungumzia Kasai, lakini alisema "tutaenda," hakusema tena "tutarudi." Hakwenda. Kaku aliishi miaka kadhaa zaidi, akazikwa kwao katikati ya mvua, na baba amelala hapa Kolwezi, kwenye udongo mwekundu.

Siku hizi nyasi nyeupe sijaziona miaka mingi. Mabonde yamejengwa, malori ya madini yanapita usiku na mchana, na mwezi wa sita vijana wanatembea mchana na mashati ya mikono mifupi. Mvua nayo inachelewa, ikija inakuja kwa hasira. Zamani baridi ilitukusanya uani, nyumba tatu kwenye mbabula moja, viazi vitamu vikiiva majivuni. Leo kila mtu na mlango wake. Mimi bado naamka kabla ya jua, naketi kwenye ngazi ya mlango bila shali. Wajukuu wanaita, "Mémé, ingia ndani, utagonjwa!" Nawajibu naja. Nakaa kwanza mpaka vidole vya miguu vianze kuuma.